Kila Mbwa wa Kilombero Ana Mwenyewe

Mtu akifika zahanati na jeraha la meno ya mbwa, ataulizwa kwanza mbwa huyo ni wa nani. Ifakara mjini na katika vijiji vya bonde lote la Kilombero, jibu linalotoka upesi ni kwamba ni mbwa wa mtaani tu, hana mwenyewe. Tunalikataa jibu hilo. Waliopita nyumba kwa nyumba kuhesabu mbwa katika vijiji vya Tanzania wamekuta kwamba walio wengi kati ya hao wanaoitwa mbwa koko wana ua wanaolala, wana mtoto anayewatupia ukoko wa ugali jioni, na wana jina wanaloliitikia. Anayekosekana ni mtu mzima wa kusema "huyu ni wangu" siku mbwa anapouma, anapougua, au gari la chanjo linapofika kijijini.

Dhamana hiyo ndiyo hoja yetu leo. Inamgusa mvuvi wa mto Kilombero, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, mkulima wa mpunga anayelindiwa shamba na mbwa dhidi ya nguruwe pori, na mwenye duka wa mjini aliyejinunulia German Shepherd wa kulinda geti. Zaidi ya wote inazigusa halmashauri za bonde hili: Mji wa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Ulanga.

Tuanzie mbali kidogo, kwa watu waliokuwa na kila kitu ambacho sisi hatuna na bado wakashindwa.

Uingereza, tangu Kennel Club ianzishwe London mwaka 1873, mbwa wa nasaba ana daftari. Baba, mama, babu na bibi wameandikwa. Kila aina ya mbwa ina chama chake, na kila chama kina kanuni ya umbo: urefu wa masikio, mkunjo wa mkia, upana wa kichwa. Mwenye mbwa anajulikana kwa jina na anwani. Kwa uangalizi wa namna hiyo, mtu angedhani hao ndio mbwa wenye afya kuliko wote duniani. Wapi! Daftari lilipofungwa, damu ya nje ikazuiwa, ndugu wakazaa na ndugu, na dume mmoja aliyeshinda maonyesho akawa baba wa watoto wasiohesabika. Watafiti wa Imperial College walipolipitia daftari hilo, matokeo yao ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba Pug wapatao 10,000 wa Uingereza walikuwa na utajiri wa kurithi sawa na wa mbwa 50 tu wasio na undugu.

Mwaka huo huo shirika la BBC lilirusha filamu iliyowaonyesha watazamaji mbwa aina ya Cavalier King Charles Spaniel. Ni mbwa mdogo wa mapajani, mwenye macho makubwa na uso wa kitoto, na uso huo ndio uliomponza. Fuvu limefupishwa kizazi baada ya kizazi mpaka ubongo hauenei ndani yake. Majimaji ya ubongo na uti wa mgongo yanakosa njia, yanajichimbia mashimo ndani ya uti wenyewe. Mbwa anayeugua hivyo huonekana akijikuna hewani, mguu ukipiga karibu na shingo bila kugusa ngozi, huku akilia. Filamu ilifichua kwamba bingwa wa maonyesho mwenye ugonjwa huo alikuwa akiendelea kuzalishwa.

Kelele zilipopanda, BBC ikaacha kutangaza maonyesho makubwa ya Crufts kuanzia mwaka 2009. Kennel Club ikaacha kuandikisha watoto wa mbwa waliozaliwa na ndugu wa tumbo moja, au na mzazi na mwanawe. Profesa Patrick Bateson wa Cambridge akaombwa achunguze, na ripoti yake ya Januari 2010 ikathibitisha kwamba uzazi wa undugu na umbo lililopitiliza vimewatesa mbwa. Norway walikwenda mbele zaidi. Shirika la kutetea wanyama liliwapeleka mahakamani chama cha mbwa cha nchi, vyama vya aina husika na wafugaji, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kuzalisha Cavalier kama walivyo sasa ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama.

Hatusemi watu wale hawakuwapenda mbwa wao. Waliwapenda kupita kiasi, waliwachana manyoya na kuwalaza vitandani. Walichokosa ni mtu wa nje wa kuwauliza. Mwamuzi wa maonyesho alikuwa mfugaji, mfugaji alikuwa muuzaji, muuzaji alikuwa mjumbe wa kamati ya chama, na daktari aliyesema ukweli alionekana adui wa klabu. Chama kilichopewa kazi ya kulinda mbwa kiligeuka kuwa chama cha kulinda bei ya mbwa.

Kuna chama kimoja kilichochukua njia nyingine, na kisa chake kinatuhusu kwa sababu dawa yake kiliipata kwa jirani zetu wa Kongo. Basenji ni mbwa wa uwindaji wa misitu ya Kongo, habweki kama mbwa wengine, na mkia wake umejikunja juu ya mgongo. Waingereza walimchukua miaka ya 1930, na kutokana na mbwa wachache mno waliovuka bahari wakazaliwa Basenji wa Ulaya na Marekani. Uchache huo ulidai malipo yake. Uliibuka ugonjwa wa damu, kisha ukaenea ugonjwa wa figo uitwao Fanconi: figo zinashindwa kurudisha mwilini sukari na virutubisho, vinatoka na mkojo, mbwa anakunywa maji usiku kucha na kukonda hadi kufa. Wafugaji walizoea kuchovya kwenye mkojo wa mbwa vile vikaratasi vinavyotumiwa na wagonjwa wa kisukari, wakihofia rangi ibadilike.

Basi mwaka 1987 na tena 1988 wafugaji wa Marekani wakafunga safari hadi kaskazini-mashariki mwa Zaire, wakatafuta mbwa katika vijiji, wakarudi nao. Kwa ombi la klabu ya Basenji, daftari la Marekani lilifunguliwa mwaka 1990 na mbwa 14 wapya wakaingizwa. Lilifunguliwa tena kati ya 2009 na 2013. Mwaka 2011 kipimo cha jeni ya Fanconi kikapatikana, na mfugaji hana tena kisingizio cha kusema hakujua. Mbwa wa kijijini, asiye na cheti wala bei, ndiye aliyeitwa kuokoa ukoo wenye vyeti. Utafiti uliochapishwa 2009 juu ya mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia uliwakuta na utofauti mkubwa wa kurithi, na wengi wao walikuwa wenyeji hasa wa bara hili. Wanaomdharau mbwa wa kienyeji wa Lupiro au Mngeta wajue kwamba wenzao wa nje waliokuwa na dharau hiyo hiyo walilazimika kupanda ndege kumfuata.

Tunayasema haya kwa sababu biashara ya mbwa wa mbegu imeingia katika miji yetu. Nairobi ina East Africa Kennel Club yenye daftari na maonyesho. Huku kwetu muuzaji ana simu yenye picha, na mnunuzi ana geti jipya. Mtoto wa mbwa anapokelewa kwenye boksi, hana kadi, umri wake ni wa kukisia. Wengine hufa ndani ya wiki kwa kuhara damu, ugonjwa wa parvo, ambao una chanjo ya miaka mingi. Akipona huo, bonde linamngoja. Kupe wetu wana homa ambazo mbwa wa kienyeji amezizoea tangu utotoni, ila kwa mgeni ni hukumu. Kando ya mapori ya Nyerere kuna mbung'o, na vimelea vyao vikimwingia mbwa wa kizungu dalili huonekana jichoni kwanza: kioo cha jicho kinaingia ukungu wa bluu na weupe, uso unavimba, fizi zinapauka, na asipotibiwa mapema hana wiki nyingi. Rudolf Geigy, Mswisi aliyeanzisha maabara ya Ifakara miaka ya 1950, alikuja hapa akiwafuata wadudu hao hao, mbung'o na papasi. Haiwezekani mji uliozaliwa kitaaluma na mbung'o ujifanye haumjui.

Anayeuza mbwa wa aina hiyo Ifakara ana wajibu wa kumwambia mnunuzi yote haya, kumkabidhi kadi ya chanjo yenye mhuri wa daktari wa mifugo, na kutomzalisha jike kila anapopata joto. Mnunuzi naye aache kumfunga mnyama wa manyoya mazito kwenye mnyororo wa mita moja, juu ya saruji, chini ya bati, mwezi wa Novemba. Huo ni ukatili, na nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008 inayomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Sheria hiyo haichagui kati ya mbwa wa laki tano na mbwa wa bure.

Lakini mbwa wa mbegu ni wachache. Deni kubwa la bonde hili liko kwa mbwa wa kawaida, na jina lake ni kichaa cha mbwa.

Kirusi cha kichaa kinaingia kwa mate kupitia jeraha, kinapanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Safari hiyo huchukua wiki au miezi, na ndiyo nafasi pekee ya kuokoa mtu: kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha sindano za chanjo bila kukosa tarehe. Dalili zikishaanza, mgonjwa akaogopa maji na kukataa upepo, hospitali haina la kufanya zaidi ya kumpunguzia mateso. Duniani wanakufa watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Katika kila waathirika kumi wa kung'atwa, wanne hivi ni watoto chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka wakati taarifa rasmi zilikuwa zikionyesha kumi hivi. Makadirio ya baadaye yameshuka, na bado yanahesabiwa kwa mamia.

Sasa mtazame mzazi wa Malinyi au wa ndani ya Mlimba ambaye mwanawe ameng'atwa Aprili, masika yamekolea na barabara imekatika. Anatafuta nauli, analala Ifakara kwa ndugu, anaambiwa dozi hii ipo na ile ya pili ataitafuta pengine. Utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba kaya maskini ya kijijini Tanzania ingehitaji zaidi ya dola 100 kukamilisha tiba hiyo. Watu huuza mpunga ungali shambani. Wengine hukatisha sindano katikati wakitumaini Mungu. Na chanzo cha yote hayo ni mbwa ambaye sindano yake moja ya mililita moja haifiki hata sehemu ndogo ya nauli ile.

Haya hayakuletwa na ujinga. Bonde hili linajua kichaa cha mbwa kuliko sehemu nyingi za Afrika. Taasisi ya Afya Ifakara imekuwa mstari wa mbele katika tafiti za ugonjwa huu pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow. Kati ya 2010 na 2015 wilaya 28 za kusini-mashariki mwa nchi na za kisiwa cha Pemba zilikuwa uwanja wa mradi wa mfano ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates. Wahudumu wa afya na maafisa mifugo walipewa mfumo wa simu za kawaida za mkononi wa kuandikia kila aliyeng'atwa na kila mbwa aliyechanjwa. Watu wa nje waliposoma juu ya mfumo huo walitushangilia.

Wengi wetu tunazikumbuka siku zile za chanjo. Tangazo la kipaza sauti jana yake, asubuhi meza chini ya mwembe wa shule au ofisi ya kijiji, kikasha cha barafu, daftari. Wanaokuja na mbwa ni watoto: mmoja anavutwa na mbwa, mwingine anamvuta, wa tatu amembeba kama mbuzi, kamba ni ya katani au kipande cha kanga. Afisa mifugo anabana ngozi ya shingo, anachoma, mbwa hajajua, kola ya rangi inafungwa, kadi inaandikwa jina la baba. Jioni wanapita watu wa kuhesabu njiani: wangapi wana kola, wangapi hawana. Kazi hiyo haina siri ya kitaalamu. Uchambuzi wa mradi wenyewe ulisema wazi kilichoisumbua: fedha kuchelewa, chanjo kuchelewa, na mzunguko mmoja kuachana mno na mwingine.

Kuchelewa ndiko kunakoua kampeni, na sababu ni hesabu rahisi. Uchunguzi wa miaka mingi Serengeti ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ushei. Ugonjwa unaosambaa kwa udhaifu hivyo unakatika, mradi mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe kila mwaka. Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu mbwa wa kijijini haishi sana. Waliochanjwa wanakufa, watoto wanazaliwa, na kinga ya kijiji inavuja hata kama hakuna aliyekosea. Wenye mbwa huongeza tatizo kwa kuwaacha watoto wa mbwa nyumbani wakidhani ni wadogo mno, wakati Shirika la Afya Duniani linataka siku ya kampeni wachanjwe wote, wakubwa kwa wadogo.

Pemba ilitupa somo ambalo hatuna ruhusa ya kulisahau. Kampeni zilizofuatana ziliufuta ugonjwa kisiwani mwaka 2014. Uchanjaji ukalegea. Mwaka 2016 kichaa kikarudi, kimeletwa na mbwa kutoka nje ya kisiwa, na ikabidi kisiwa kizima kichanjwe upya hadi ugonjwa ukakatika tena 2018. Kama maji ya bahari hayakuweza kulinda Pemba, mto Kilombero utalinda nini? Daraja la Magufuli lililofunguliwa 2018 limetupa heri kubwa, Ifakara na Mahenge sasa ni mwendo wa siku moja kwenda na kurudi. Mbwa nao wanapita. Halmashauri ya upande mmoja ikichanja na ya upande wa pili ikalala, fedha ya yule aliyechanja imeliwa na uzembe wa jirani. Ndiyo maana tunasema bonde ni moja na kalenda ya chanjo lazima iwe moja.

Na kalenda hiyo ipangwe na mtu anayelijua bonde. Msimu wa mpunga kaya nzima huhamia mashambani, kwenye vibanda vya kulindia, na mbwa huhama nao. Gari la chanjo likifika kijijini Machi litawakuta wazee na kuku. Baada ya mavuno, kuanzia Julai hadi Septemba, watu wamerudi, barabara zimekauka, na hata mkulima ana chochote mfukoni. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kumbukumbu ya kifo cha Louis Pasteur, na viongozi wetu hupenda sana siku za namna hiyo kwa sababu ya hotuba. Watoe hotuba wakishamaliza kuchanja. Suala la baridi nalo lisiletwe tena kama kisingizio: imethibitishwa kwamba chanjo ya mbwa inayotumika sana haipotezi nguvu ikikaa miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30, na watafiti hapa Tanzania wameihifadhi vijijini ndani ya vyungu vya udongo vilivyotengenezwa na wafinyanzi wetu.

Tunajua jibu lingine linalopendwa kwenye vikao. Kila watu wanapolalamika, hutolewa amri ya kupiga risasi mbwa wote wanaozurura, au nyama yenye sumu inatupwa usiku. Amri hiyo inaonekana ni ya kazi, ina milio, ina mizoga ya kuhesabu. Haizuii ugonjwa. Kisiwa cha Bali, Indonesia, kilivamiwa na kichaa mwaka 2008, serikali ikaua mbwa zaidi ya laki moja, na ugonjwa ukaendelea kusambaa hadi walipogeukia chanjo ya halaiki. Ukimwua mbwa aliyechanjwa umeua kinga uliyoilipia. Jirani huchukua mtoto wa mbwa mwingine wiki inayofuata, asiyechanjwa. Na sumu ya usiku haichagui kola.

Gharama ya uzembe haiishii kwa binadamu. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa wa kufugwa, ule wa mafua makali na kifafa, uliingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, theluthi moja ya waliokuwepo. Miaka mitatu kabla, mbwa mwitu walikuwa wametoweka katika uwanda huo. Hifadhi ya Nyerere, mpakani mwetu, ni moja ya ngome kubwa za mwisho za mbwa mwitu duniani. Mbwa wa Kilombero asiyechanjwa akifuata ng'ombe hadi kingo za pori anakwenda na maradhi yake. Serikali inayotumia mabilioni kulinda mapori na kushindwa kununua chanjo ya mbwa wa kijiji kilicho mpakani imekosea hesabu.

Kwa hiyo wajibu ni wa nani? Mwenye mbwa kwanza. Chakula, maji, banda, na safari moja kwa mwaka hadi chini ya mwembe. Asiyeweza hayo asifuge, na asipokee mtoto wa mbwa kwa jirani kwa sababu tu ni wa bure. Mbwa wake akiuma, amfunge na kumchunguza kwa siku kumi chini ya macho ya afisa mifugo, asimwue na kumfukia ili kuficha ushahidi, maana mtoto aliyeng'atwa anahitaji kujua.

Mtendaji wa kijiji anafuata. Tanzania ina mbwa wanaokadiriwa kufika milioni 2.3, yaani mmoja kwa kila watu ishirini hivi, na idadi hiyo ilipatikana kwa hesabu za watafiti. Kijiji chenye rejesta ya wakazi, ya vyoo na ya michango ya mwenge kinashindwaje kuwa na ukurasa wa mbwa? Tumeona vyama vya Ulaya vilikuwa na madaftari mazuri na vikayatumia vibaya. Sisi hatuna hata la kutumia vibaya. Ukurasa huo uandikwe jina la mwenye mbwa na tarehe ya chanjo, basi. Rangi na mkunjo wa mkia havitusaidii.

Kisha halmashauri, na hapa hatutapunguza maneno. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutolewa taarifa kwa sheria. Afisa mifugo wa kata yuko chini ya mkurugenzi. Sheria ndogo za kutoza faini ya mbwa anayezurura zipo, na zinakumbukwa mapato yanapopungua. Chanjo ya mbwa peke yake ndiyo inayosubiri mfadhili. Mradi uliokwisha 2015 ulikuwa wa kuonyesha kwamba inawezekana, na ulionyesha. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya wenye mji. Nchi imejiunga na lengo la dunia la kufuta vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na lengo hilo haliwezi kutimizwa Dodoma. Linatimizwa Kibaoni, Mang'ula, Lupiro, Itete na Mngeta, au halitimizwi kabisa.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na vitabu vya bajeti hufika mbele ya madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo. Kila diwani wa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Ulanga amwombe mkurugenzi wake amwonyeshe kifungu cha chanjo ya mbwa: dozi ngapi, mafuta ya pikipiki kiasi gani, kata zipi, wiki gani. Kama kifungu hakipo, kitabu kirudishwe kwa mkurugenzi kikaandikwe upya, na jina la diwani atakayekipitisha hivyo hivyo liingie kwenye muhtasari wa kikao.